Gari la Moshi Juu ya Meza

Huku Ubelgiji kuna watu wazima, wenye wajukuu, ambao Jumapili baada ya Misa hushuka katika chumba cha chini ya nyumba, hufunga mlango na kuendesha gari la moshi. Gari lenyewe unaweza kulilaza katika kiganja cha mkono. Tulipoambiwa habari hiyo mara ya kwanza tulicheka, sisi wawili, mume na mke, watu wa Katanga. Kwetu gari la moshi ni mlio wa usiku, na mizigo, na ndugu wanaokwenda mbali; si kitu cha kuwekwa juu ya meza. Lakini mwezi wa Novemba 2023 tulikwenda wenyewe kwenye soko la wakusanyaji wa treni ndogo, katika mji mmoja si mbali na Namur, tukakaa huko tangu saa mbili za asubuhi mpaka saa kumi. Tumerudi na mambo ya kuwaambia ninyi wasomaji, hasa ninyi mnaokaa kando ya reli.

Aliyetupeleka ni mjane mmoja wa parokia yetu, mama aliyepita miaka themanini. Mume wake, Mungu amrehemu, alikuwa mkaguzi wa tiketi katika treni za nchi hii, naye kwa miaka arobaini alinunua treni ndogo, leo mashini, mwakani behewa, kila mara fedha ilipobaki kidogo. Aliacha masanduku 31. Watoto wao wanakaa katika nyumba za ghorofa, wakasema hawana mahali pa kuyaweka. Wala hatuwalaumu, maana tumeziona nyumba hizo. Basi yule mama alitungoja mlangoni pa kanisa, akatuambia: « Watoto wangu, mimi siwezi kuviuza vitu hivi, wala siwezi kukaa navyo. Ninyi mna gari. » Katika desturi yetu mjane akikuambia hivyo, huulizi saa ngapi.

Soko lilikuwa katika ukumbi wa shule. Meza zilikuwa zile zile ambazo watoto hulia chakula siku za kazi. Wauzaji waliingia mapema kwa mlango wa nyuma, na wageni wakalipa euro 5 mlangoni. Ndani mlikuwa na harufu ya kahawa, ya supu, na ya mafuta ya mashini yaliyopata moto kidogo. Wanaume karibu wote, wenye mvi karibu wote. Wanawake wachache tuliowaona walikuwa wakikata keki au wakishika sanduku la fedha. Waafrika tulikuwa sisi wawili peke yetu. Watu walituangalia kwa adabu, wakifikiri kwamba tumekuja kubeba masanduku tu, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa.

Tulistaajabu kwa ukimya. Soko la kwetu husikilizwa kabla ya kuonekana. Hapa mnunuzi anachukua mashini, anaigeuza chali kama mganga anayetazama tumbo la mtoto, anachungulia magurudumu kwa kioo cha kukuza, anaitia juu ya kipande cha reli chenye umeme ili aone kama inatembea. Ndipo anasema bei, kwa sauti ya mtu aliye katika kiti cha maungamo.

Mambo haya hayakuanza jana. Katika mji wa Göppingen, Ujerumani, mwaka wa 1859, fundi wa bati jina lake Theodor Friedrich Wilhelm Märklin alianza kutengeneza vyombo vidogo vya jikoni kwa ajili ya watoto wa kike. Alikufa mwaka wa 1866. Mjane wake, Caroline, hakufunga kazi. Alisafiri mwenyewe mji kwa mji kuuza, jambo ambalo wanawake wa siku zile hawakulizoea. Mwaka wa 1891 jamaa hiyo ilionyesha katika soko kubwa la Leipzig gari la moshi la kutia ufunguo kama saa, pamoja na reli zilizopimwa kwa vipimo vya daima. Akili yote ilikuwa hapo. Mtoto aliyepata reli chache Noeli hii aliweza kuongeza nyingine Noeli ijayo, nazo zingeshikana bila shida. Mzazi aliyenunua mara moja alikuwa amekwisha nunua kwa miaka ishirini! Wengine wakafuata: Lionel huko New York mwaka wa 1900, Frank Hornby wa Liverpool mwaka wa 1920. Na mwaka wa 1935, tena katika Leipzig, watu wa Märklin wakaleta treni ndogo za umeme zinazotosha juu ya meza ya kulia.

Kipimo cha treni hizo za mezani ni moja kwa 87. Mashini ya mita 20 inakuwa na sentimeta 23. Mtu wa kimo cha kati anakuwa na sentimeta 2. Msomaji wa Kisangani ajue kwamba reli yake ya kwenda Ubundu, yenye kilometa 125, ikipunguzwa hivyo itahitaji bado karibu kilometa moja na nusu. Hakuna chumba cha chini cha namna hiyo hata katika jumba la mfalme. Kwa sababu hiyo treni zao zote huzunguka. Zinaingia katika pango la mlima wa karatasi, na baada ya nusu dakika zinatoka upande wa pili na abiria wale wale.

Tena kuna madhehebu. Wafuasi wa Märklin wana umeme wao, unaopanda kwa katikati ya reli. Wengine wanatumia reli mbili tu, na umeme wa namna nyingine. Treni ya huyu haiendi juu ya reli ya yule. Tulimwona mzee mmoja akikataa hata kuigusa mashini nzuri, kwa kuwa ilikuwa ya upande wa pili. Kisha kuna wale wanaokusanya na wale wanaojenga. Mkusanyaji hachezi. Huiacha mashini katika sanduku lake, na sanduku lenyewe hulipenda kuliko mashini: likiwa ni lile la kiwandani, safi, bila alama, bei huongezeka sana.

Hapo ndipo mama yetu alipopata taabu. Marehemu mume wake alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi ndani ya kila kifuniko. Aliandika tarehe, na chini yake sababu. « Nimepandishwa cheo. » « Binti amezaliwa. » « Nimetoka hospitalini. » Kwenye sanduku moja la behewa la maziwa aliandika: « Bila sababu. » Wanunuzi walifungua, wakasoma, wakatikisa kichwa. Mmoja, mtu mpole kabisa, alishauri afute kwa kifutio, ndipo atampa euro 15 zaidi kwa kila sanduku. Mama alifunga kifuniko, akasema kwamba kifutio hana. Tulikuwa nacho kimoja katika mfuko wa koti, tukanyamaza.

Mashini yake ya zamani kuliko zote, ya kabla ya vita ya 1940, ndiyo aliyoitumainia zaidi. Jirani yetu wa meza aliitazama tumboni, akaonyesha nyufa nyembamba kama nywele. Akatueleza ugonjwa wa zinki. Viwanda vya siku zile viliyeyusha zinki na kuimimina katika kalibu. Ikiwa risasi kidogo tu imechanganyika humo, chuma huoza kwa ndani polepole. Baada ya miaka huvimba, hupasuka, mwisho husagika vidoleni kama mkate mkavu. Hakuna dawa. Watu wengine huogopa kuweka mashini kama hiyo karibu na nyingine wakidhani itaziambukiza, lakini sivyo: ubaya umo ndani tangu siku ya kumiminwa. Bwana wetu katika Injili alitaja nondo na kutu. Zinki hakuitaja, lakini imo katika hesabu.

Mtu mwenye kofia alikuja mapema akataka kununua masanduku yote pamoja kwa euro 600, fedha mkononi. Jirani yule yule aliacha meza yake, akamnong'oneza mama asikubali, akakaa nasi saa nzima akipanga bei sanduku kwa sanduku, na wateja wake mwenyewe wakingoja. Hatukujua jina lake. Jioni mama alikuwa na euro 1,140, na masanduku 7 yalibaki. Moja alilinunua babu wa kijana wa miaka kumi hivi. Babu alikifungua kifuniko, akamsomea mjukuu maandishi kwa sauti, tarehe na yote, kisha akalipa bila kuuliza apunguziwe.

Lakini tuliyotaka hasa kuwasimulia yako katika pembe ya ukumbi, mahali pa wajenzi.

Mjenzi si kama mkusanyaji. Yeye huchukua ubao, gundi, mchanga, nyuzi za shaba, naye hutengeneza nchi. Tuliona Ardennes yenye theluji, tukaona bandari, tukaona mtaa wa wachimba makaa wenye nguo zilizoanikwa. Mmoja wetu alikuwa mbele. Akasimama, akamshika mwenzake mkono.

« Njoo uone. Tenke! »

Kweli, ubao uliandikwa « Tenke, 1958 ». Nyuma ya meza alikaa mzee wa miaka 72. Alipotuona alisimama, akatusalimu kwa Kiswahili: « Jambo, Mama. Jambo, Baba. » Tukamjibu kwa furaha, tukaendelea kwa Kiswahili, akainua mikono. Maneno aliyobakiwa nayo yalikuwa machache: maji, moto, polepole, njoo, lala. Tukatazamana. Hayo ndiyo maneno ambayo mlezi humwambia mtoto, na kumbe ndivyo. Baba yake alikuwa mkuu wa gare ya Tenke. Mwana alifika huko mwaka wa 1954 akiwa na miaka mitatu, akaondoka mwaka wa 1960 akiwa na miaka tisa.

Wasomaji wa mbali labda hawaijui Tenke. Ni mahali panapokutana reli: moja yatoka Lubumbashi na Likasi, moja yakwenda Lubudi, Bukama na Kamina, ya tatu yakwenda magharibi hadi Dilolo kwenye mpaka wa Angola, nayo iliunganishwa na reli ya bahari mwaka wa 1931. Gari la kwanza lilikuwa limefika Lubumbashi kutoka kusini mwaka wa 1910. Mwaka wa 1952 nyaya za umeme zilitoka Likasi, iliyoitwa siku zile Jadotville, zikafika Tenke, wakati ambapo nchi nyingi za Ulaya zilikuwa bado zinachoma makaa. Mzee alikuwa ameziweka zote, nguzo kwa nguzo, na upande mmoja mashini ya moshi ikingoja mahali nyaya zinapokoma. Reli zetu ni nyembamba kuliko za Ulaya, milimeta 1,067 badala ya 1,435. Juu ya meza yake zilikuwa milimeta 12. Alizipima kwa rula mbele yetu ili tusadiki. Tulisadiki tangu mwanzo.

Kisha akatuuliza jambo ambalo, alisema, hajapata mtu wa kumwuliza kwa miaka mingi: « Udongo wangu ni sawa? »

Tukautazama. Tukamwambia uwe mwekundu zaidi. Tena wakati wa kiangazi vumbi lazima lipande ukutani mpaka magotini, na majani ya miembe yaliyo karibu na reli yasiwe ya kijani bali ya rangi ya kutu. Akaandika katika daftari. Tukamwuliza kwa nini vichuguu vyake ni vidogo hivi, kama vya fuko. Akashangaa. « Mimi navikumbuka vikubwa kama nyumba, » alisema, « lakini nilifikiri ni kwa sababu nilikuwa mtoto. Kwa hiyo nikavipunguza. » Tukacheka sote watatu. Tukamwambia alikumbuka vema: kichuguu cha Katanga hupita mita 5, na miti imeota juu yake, na mbuzi wanalala kivulini mwake. Aliona haya kidogo, kisha akafurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu.

Tungeishia hapo, ingekuwa siku nzuri tu. Lakini mmoja wetu alikuwa ameinama anatazama watu wa gare. Walikuwa sita. Bibi mwenye kofia, bwana mwenye kofia ya jua, afisa wa gare, padri mwenye kanzu nyeupe, mtoto, mbwa. Tulihesabu mbwa pia, tukisema sita. Wazungu watupu, pamoja na mbwa wao.

« Baba, » tukamwuliza polepole, kwa heshima, maana alikuwa mkubwa wetu, « watu wako wapi? »

Hakuelewa kwanza. Halafu akaelewa, akakaa chini. Akatuletea kitabu cha picha za baba yake, ambazo kwazo alikuwa amejenga kila kitu: paa, saa, tangi la maji, hata sauti ya kengele alijaribu. Tulipindua kurasa zote. Katika picha zile gare ni tupu. Kuna bibi, kuna mtoto, kuna mashini mpya yenye maua, na pembeni mara mbili tatu bega la mtu, au mkono unaoshika kamba, uliokatwa na mpaka wa picha. Baba yake hakuwaficha watu, hilo tunalisadiki. Aliona gare, akaipiga picha, na wale waliofanya iende hawakuingia katika kioo chake. Kwa maoni yetu hilo ni zito kuliko kama angewaficha, maana anayeficha anajua anachoficha.

Mzee alisema: « Nimeshughulikia boliti za daraja kwa majuma matatu. »

Tukamwonyesha pia treni yake ya abiria. Behewa la Wazungu lilikuwapo, limepakwa rangi safi, na mapazia madirishani. Behewa la watu wetu, ambalo siku zile lilitengwa, hakulitengeneza. Hakukuwa na picha yake. Hapo alianza kusema mwenyewe, tusimwulize. Alikumbuka watu wa kubadilisha mataruma, jinsi walivyoinua reli kwa pamoja, mmoja akiimba na wengine wakiitikia, na reli ikipanda juu ya neno la mwisho la wimbo. Alikumbuka zaidi yule mtu aliyegeuza njia za reli. Jioni alimpandisha mabegani, akampeleka mpaka kwenye mtambo, akamwacha aweke mikono yake midogo juu ya chuma, wakaivuta pamoja, na gari la Dilolo likaenda Dilolo. « Jina lake sikulijua kamwe, » alisema. « Nilimwita Papa. »

Bibi wa mmoja wetu aliuza maembe na karanga kando ya reli hiyo hiyo, huko Lubudi. Ndiyo maana tulikaa mezani pale mpaka taa zilipoanza kuzimwa, na mjane wetu amekwisha vaa koti. Tulimpangia watu. Akina mama wenye beseni kichwani na mtoto mgongoni, tukamwonyesha jinsi mkono mmoja unavyoshika beseni na mwingine unavyopokea fedha dirishani gari likiwa limekwisha anza kutembea. Samaki wakavu wa Lualaba waliofungwa kwa majani. Uyoga wakati wa mvua, viwavi vya kukaushwa, magunia ya makaa, mbuzi amefungwa nguzoni. Masista wawili juu ya mizigo yao. Watoto wanaokimbia na gari mpaka mwisho wa kokoto. Aliandika kurasa nne. Akauliza akina mama wawe wangapi kwa gari moja. Sisi wawili hatukupatana: mmoja alisema kumi, mwingine thelathini, na ubishi huo haujaisha nyumbani mwetu. Akauliza namna ya kupaka kitenge juu ya mtu wa sentimeta 2. Hilo tulishindwa. Alisema atakata brashi mpaka ibaki unywele mmoja.

Katika mwezi wa tatu baada ya hapo alitutumia picha kwa simu. Vichuguu vinne, vikubwa sawasawa, na mti juu ya kimoja. Akina mama kumi na saba, jambo ambalo halikumfurahisha yeyote kati yetu. Behewa la abiria wetu limeanzwa, halina paa bado. Kando ya mtambo wa kugeuza reli amemsimamisha mtu mmoja mwenye mtoto mabegani. Lakini uso wake hana, maana mzee hakuthubutu kuubuni.

Basi, ninyi wa Tenke, wa Lubudi, wa Bukama, wa Kamina, tazameni katika masanduku ya wazee wenu. Ikiwa iko picha ya gare ya miaka ile yenye watu wetu ndani yake, msiitume yenyewe, isije ikapotea njiani. Ipigeni kwa simu, mkaipeleke kwa Padri wa parokia, naye atatufikishia. Andikeni pamoja nayo majina, kama yajulikana, hata jina moja. Tunamtafuta hasa mtu aliyegeuza reli katika Tenke kati ya 1954 na 1960, au watoto wake, au wajukuu wake. Yeye mwenyewe, kama bado yu hai, huenda anakumbuka mtoto wa mkuu wa gare aliyependa kuvuta chuma.